Kasoro ya Tano

Harufu ilinifikia kabla sijaona chochote. Nilikuwa Koboko kununua mabati ya jiko langu, nikikata njia nyuma ya soko ambako wauza vitu vya zamani hutandika maturubali yao, nikanusa gundi ya ngozi. Ninyi wa rika langu mnaijua: ngozi ya mbuzi iliyochemshwa hadi ikawa uji, harufu ya kwato zilizoungua na supu iliyosahauliwa mekoni. Siku hizi gundi hutoka dukani ikiwa ndani ya chupa. Ile ya kuchemshwa sikuwa nimeinusa tangu nikiwa na miaka minane.

Mwenye turubali alikuwa mama kijana kutoka Sudan Kusini, anayeishi na mumewe katika makazi ya wakimbizi huko Omugo na kuja Koboko siku za soko. Kati ya pasi ya mkaa na redio isiyo na mgongo alikuwa ameweka konsatina. Kwa asiyeijua, ni kinanda kidogo cha mkononi, chenye pande sita kama tundu la sega la asali, vitufe huku na huku, na katikati mivukuto ya ngozi inayokunjuka na kukunjika ukivuta na kusukuma.

"Karibu, mama," aliniambia. "Angalia tu. Kuangalia haiko na bei."

"Iko na shida gani?"

"Hakuna shida hata moja. Bwana yangu nafungua yote, natengeneza yote. Iko kama mpya."

Nilipitisha mkono katika ukanda wake, nikabonyeza kitufe cha tatu upande wa kushoto, nikavuta. Kimya. Halafu, kwa kuchelewa, kama mtoto anayeitwa akajifanya hakusikia, sauti ikatoka. Nikabonyeza tena. Ikachelewa tena. Upande wa kulia nikatafuta kwa kidole kile nilichokuwa naogopa kukipata, nikakipata: kitufe kimoja cheusi cha pembe ya ng'ombe katikati ya wenzake weupe. Niliketi palepale juu ya turubali la watu.

"Mama, iko mgonjwa?" yule mama kijana aliuliza, akinipa maji.

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeshika kitu ambacho baba yangu alikifufua kwa mikono yake, na ambacho uongo wangu ulikishusha thamani siku ile ambayo thamani yake ilikuwa pumzi ya ndugu yangu.

Nilimpa fedha za mabati zote alizotaja, bila kubishana. Nadhani hilo lilimtia wasiwasi, maana nilipokuwa nimeshafika barabarani alinikimbilia na kipande cha kitenge ili niifunikie vumbi.

Utotoni mwangu tulikaa Mvara, mwendo mfupi kutoka kanisani. Siku sita baba alikuwa seremala, na siku ya saba alikuwa msomaji wa kanisa. Konsatina aliachiwa na mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao, na aliachiwa ikiwa imekufa. Panya walikuwa wamekula mivukuto, ukoga wa kijani ulikuwa umeshika vilimi vya shaba vinavyotoa sauti, na kitufe kimoja hakikuwepo. Mwalimu alisema, "Labda mbao zake zitakufaa." Baba hakuzitaka mbao. Msimu mzima wa mvua, jioni baada ya kazi, aliisambaza mezani vipande vipande. Vilimi alivisugua kwa majivu na ndimu. Kitufe alikichonga kwa pembe. Mivukuto aliikata upya kwa ngozi ya mbuzi, na mbuzi mmoja hakutosha, kwa hiyo mkunjo wa nne ni wa mbuzi mwingine. Nyumba yote ilinuka gundi.

"Wenzangu waume zao wanapika mbuzi ili waliwe," mama alisema akifunika pua kwa khanga. "Wangu anapika ngozi ili ilie."

Msimu huohuo mama alimzaa Candia. Katika lugha yetu ya Kilugbara jina hilo ni "katika taabu", maana mama alikuwa ameshazika wawili kabla yake. Kifua cha Candia kilikuwa kinapiga mluzi tangu akiwa mchanga. Nilikuwa na miaka mitano, na kazi yangu ilikuwa kumtazama alale. Kikapu chake kiliwekwa chini ya meza ya baba. Juu, mivukuto ilipanda na kushuka baba alipokuwa akiijaribu; chini, kifua cha mtoto kilipanda na kushuka. Siku konsatina ilipolia kwa mara ya kwanza, baba alipiga wimbo mmoja wa jioni, taratibu, na mluzi katika kifua cha Candia ukatulia, akalala. Mama akasema kwa mshangao, "Ameitia pumzi."

Mtoto hukusanya maneno jinsi anavyookota mawe mazuri, na hilo nililiokota nikalihifadhi. Kila jioni baba alipiga, kila jioni Candia alilala. Ikawa wazi kwangu kama mchana: pumzi ya Candia iko ndani ya lile sanduku. Baba aliitengeneza humo, na kila jioni humgawia ya kumfikisha asubuhi. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilidhani kila mtu anajua.

Niwaeleze pia habari ya kasoro, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Baba alikuwa mmoja wa ndugu waliookoka, wale waliokutana kila Ijumaa alasiri kusema mambo yao nuruni. Walikuwa na desturi mbili walizozishika kuliko hata kanuni zao za mavazi. Ya kwanza, aliyeokoka akiuza kitu huanza kwa kutaja kasoro zake zote, moja moja, kabla mnunuzi hajakigusa. Watu mjini waliwacheka, lakini wakitaka ng'ombe wa kulimia walikwenda kununua kwao. Ya pili, kila mtu husema kosa lake mwenyewe kwa kinywa chake. Kumsemea mwenzako kosa lake, hata kama umeliona kwa macho yako, ilikuwa ni kumwibia toba yake.

Candia alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa isiyoshuka. Mluzi ukawa mkoromo, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta hewa. Sista wa zahanati, muuguzi mnene aliyekuwa anaimba kwaya moja na mama, aliweka sikio mgongoni kwake akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Anahitaji sindano," alisema. "Kichupa kimoja kila siku, siku saba. Mimi sina. Tangu mwezi uliopita kabati ni tupu."

"Nani anayo?" baba aliuliza.

"Koboko iko, kwa wanaovusha kutoka Kongo."

"Tuna siku ngapi?"

"Usiniulize siku, ndugu yangu. Nenda."

Baba alizunguka nyumba kwa macho. Baiskeli haikuwa yake, ilikuwa ya kanisa. Randa na misumeno ndiyo mikono yake. Akaiangalia konsatina juu ya rafu, akaishusha, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Alisema nimfuate ili niimbe, mnunuzi apate kusikia jinsi inavyobeba sauti. Alfajiri tulipanda juu ya lori la mihogo mikavu. Niliishika konsatina magotini njia nzima, na lori lilipotikisika ikawa inatoa pumzi ndogo ndogo, nami nikawa nabana mivukuto kwa mikono miwili ili isimwage.

Nyumbani tulisema Kilugbara, lakini katika soko la Koboko, Mkakwa, Mnubi, Mkongo na Msudani walikutana katika Kiswahili cha barabarani, kile kisichojali mambo mengi. Mama Zaituni, Mnubi mwenye sauti pana, alikuwa na meza ndefu iliyouza kila kitu kinachovuka mpaka: vitambaa, betri, sabuni, na bati la biskuti lenye vichupa vya dawa vilivyofungwa katika pamba. Alikuwa anaijua kwaya fulani ng'ambo ya Sudan iliyotafuta kinanda. Macho yake yaliangaza alipoona mzigo wangu, lakini baba aliinua mkono.

"Kwanza nitaje kasoro, mama."

"Kasoro? Sema, Mzee."

"Ya kwanza, kitufe cha tatu cha kushoto iko nachelewa kulia. Ya pili, hiki cheusi si cha asili, ni pembe ya ng'ombe, mimi mwenyewe nilichonga. Ya tatu, mkunjo wa nne ni mbuzi mwingine, mvua ikinyesha iko nalegea. Ya nne, ukifungua kwa nguvu, hewa iko natoka hapa pembeni, unasikia? Kama mtu mwenye mafua."

Mama Zaituni aliegemea kiti chake. "Mzee, wewe iko nauza ama iko nahubiri?"

Meza za jirani zote zilicheka. Mwanamume mmoja alipaza sauti, "Mama, ongeza yeye sadaka!" Baba mwenyewe alitabasamu. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimemtazama usoni alipokuwa akizitaja zile kasoro, nikaona macho yake mekundu na midomo yake inayotetemeka, nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: baba hataki kuiuza. Anaisema vibaya ili wamkatalie. Ametumwa auze pumzi ya mwanawe, hawezi kukataa, na sasa anatafuta msaada.

Mama Zaituni alifungua bati. Akapanga vichupa saba juu ya kitambaa, kimoja kando ya kingine, vikang'aa. "Saba kwa kinanda. Sawa? Sasa mtoto naimba, nisikie."

Baba alipiga wimbo wa jioni, asubuhi ile, katikati ya soko. Alipofika mahali pangu alinitikisia kichwa. Sikuimba. Niliona dakika ile kama mlango unaofungwa, nikatia mguu.

"Candia analala nayo," nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha. "Anakohoa damu ndani yake."

Muziki ulikatika. Mama Zaituni aliisukuma konsatina mbali naye kwa kile kipimo chake cha mbao cha kupimia nguo. Kisha, bila haraka, akavirudisha vichupa ndani ya bati kimoja kimoja. Nilivihesabu vikienda, nikifurahi.

Baba aliniinamia, akauliza kwa Kilugbara, polepole, "Umeona damu?"

"Ndiyo, baba."

"Mama yako anajua?"

"Anaificha. Anafua vitambaa."

Alifumba macho. Nilisubiri anishukuru kwa kumwokoa, na kweli alinishukuru. Aliweka kiganja chake kichwani pangu, akasema, "Awa'difo, mwanangu. Asante kwa kusema. Ningeuza ugonjwa kwa watu."

Ndipo ilipoanza siku ambayo nimeiishi mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote niliyopewa na Mungu. Baba alikwenda meza kwa meza, akitafuta yeyote wa kuinunua kwa bei yoyote, ili arudi na fedha kwenye lile bati. Na kwa kila mtu alizitaja kasoro. Ya kwanza, kitufe. Ya pili, pembe. Ya tatu, mbuzi wawili. Ya nne, hewa ya pembeni. Kisha alivuta pumzi na kusema ya tano: mtoto wangu aliye nyumbani anakohoa damu, na hulala karibu nayo.

Fundi wa baiskeli alirudi hatua tatu. Muuza samaki alimwambia, "Mzee, toa hii kitu hapa, watu iko nakula." Mkongo mmoja mwenye duka la nguo alimsikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. "Lakini Mzee, mutu alikuuliza? Funga mudomo, uza, enda kwa mutoto!"

"Nitamwambia nini Mungu?"

"Mungu anajua uko na mutoto!"

Baba alimshukuru akaenda kwa mwingine. Kila mara kauli yangu ilitoka kinywani mwake, nzito, ya kweli, kwa sababu yeye aliamini. Mwanzoni niliisikia kwa fahari. Kufikia mtu wa tano ilikuwa imeanza kunichoma masikio.

Jua lilipokuwa utosini alininunulia kipande cha muhogo wa kuchoma. Yeye hakula. Tuliketi kwenye kivuli cha ukuta, mkabala na meza ya Mama Zaituni, konsatina miguuni petu katika gunia lake. Baba alikuwa anatazama lile bati la biskuti kama mtu anavyotazama mto uliofurika, mtu wake akiwa ng'ambo.

"Unaviona vile vichupa?" aliniambia. "Pumzi ya ndugu yako imo mle."

Niliacha kutafuna.

"Mle kwenye bati?"

"Mle. Kila kichupa ni siku moja ya kupumua. Saba tu tulihitaji."

"Na hii?" Nikagusa gunia kwa kidole cha mguu.

"Hii ni mbao na ngozi, mwanangu. Ni kitu tu."

Muhogo ulinigeuka mdomoni ukawa udongo. Nilielewa yote mara moja, kwa uwazi ambao sijaupata tena katika mambo mengi ya muhimu zaidi. Nilichopaswa kufanya kilikuwa chepesi. Sentensi moja tu: baba, hakuna damu. Meza ilikuwa hatua ishirini. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa ameniwekea mkono kichwani. Alikuwa amenishukuru. Kama angenipiga, ningesema. Ile asante ndiyo iliyonifunga, na mdomo nilioufungua nikaujaza muhogo.

Soko lilipoanza kukunja maturubali, Mama Zaituni alimwita. "Mzee, kuja."

Tulikwenda.

"Leo nzima mimi naangalia wewe. Watu nane. Watu nane wewe nasema iko na damu. Mutu mwingine angesema kwa moja, halafu angefunga mdomo." Alitikisa kichwa kama aliyekasirishwa. "Mutu kama wewe hana biashara. Lakini kitu yako najua sasa mpaka ndani. Nitaweka kwa jua siku saba, ugonjwa nakufa. Nachukua."

"Mungu akubariki, mama."

"Ngoja. Ile bei ya kwanza imekufa. Kwaya nikiambia ukweli, yeye nalipa kidogo. Nne."

"Sista alisema saba."

"Saba ilikuwa ya kitu safi. Nne."

Hapo baba yangu, msomaji wa kanisa, mtu ambaye wanaume wenye mvi walimwamkia kwanza, alipiga magoti katika maganda ya ndizi mbele ya meza ile. Alipiga magoti tu, mikono juu ya mapaja, nami nikiwa nimesimama kando yake nikimzidi kimo kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mama Zaituni aligeuza uso. "Simama, Mzee. Usinifanyie hii. Mimi pia nalisha watu." Sauti yake ilipasuka kidogo. "Nne. Simama."

Tulirudi na vichupa vinne katika leso, ndani ya shati la baba, upande wa moyo.

Asubuhi yake Sista alichoma sindano ya kwanza, na baba, kwa sauti ya chini ili mama asisikie, alimweleza juu ya damu. Sista alimtazama. Akafungua mdomo wa Candia, akamulika. Akaomba vitambaa vyote alivyokoholea mtoto, akavikunjua kwenye mwanga wa dirisha kimoja baada ya kingine.

"Hakuna damu hapa," alisema. "Na si kifua kikuu. Nani alisema damu?"

"Damu gani?" mama alishtuka kutoka mlangoni.

Baba aligeuka akanitazama. Mara moja tu. Halikuwa jicho la hasira; hasira ningeiweza. Kisha akatazama chini.

"Nilikosea mimi," aliwaambia.

Aliazima baiskeli ya kanisa saa ileile akaenda Koboko kumwambia mnunuzi kwamba kasoro ya tano haipo. Alirudi kesho yake jioni, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Konsatina ilikuwa imeshauzwa. Lori la kwaya lilipita jioni ileile tuliyoondoka, na Mama Zaituni hakungoja jua la siku saba. Aliwauzia kama kitu chenye ugonjwa, kwa bei ya kitu chenye ugonjwa. Hakuwa na cha kurudisha. Siku ya tano Sista alikuja na mikono mitupu. Alikaa nasi, akishika miguu ya Candia, tukisubiri kuona kama zile nne zitatosha.

Homa ilishuka. Mungu asifiwe, ilishuka. Lakini kifua hakikurudi. Candia alikua, akasoma, akafundisha shule huko Ajia mpaka akastaafu, na kutoka nyumbani kwake hadi darasani alipumzika mara mbili, akiegemea mwembe wa kwanza na ukuta wa stoo. Hakuwahi kuimba. Kama zile tatu zingembadilisha, hakuna aliyewahi kuniambia, na sikuwahi kuuliza kwa daktari, kwa sababu naogopa majibu yote mawili.

Baba alinisubiri. Kila Ijumaa, watu walipomaliza kusema ya kwao, kilikuja kile kimya cha mwisho kabla ya sala, naye alinitazama, kwa upole, kisha akatazama chini. Hakuniuliza. Desturi haikumruhusu, na asingeniibia. Nilipokua nikawa nasimama kama wengine, nikakiri mengi: sukari niliyolamba, wivu kwa wifi yangu, ulimi wangu mkali. Walinisifu kwa uwazi wangu. Kasoro ndogo nilizitaja kwa ufasaha ili ile kubwa ipate pa kujificha. Kisa cha Koboko baba alikisimulia mara nyingi kwa wageni, lakini alikikatiza daima kwenye kicheko, pale Mama Zaituni alipouliza kama anauza ama anahubiri. Sisi watoto tulilijua swali hilo kama tunavyojua majina yetu. Siku yake ya mwisho, akiwa amebaki na sauti ya kunong'ona, aliniambia, "Una neno, mwanangu?"

Nikasema, "Sina, baba."

Naandika haya nikijua mtakachofikiri.

Kutoka Koboko, konsatina mkononi, sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Ajia. Candia alikuwa ameegemezwa mito barazani, akiwa mwembamba, mbavu zikiingia na kutoka kama zilivyofanya alipokuwa na miaka mitatu. Wifi yangu, mke wake, alituwekea chai akaenda kuchuma mboga. Nilikifungua kile kitenge, nikaiweka konsatina juu ya shuka, kwenye magoti yake.

"Hii ni nini?" alisema, kisha akaona kitufe cheusi. Alikuwa amesikia habari zake maisha yake yote. "Dada. Si kweli."

"Ngoja kwanza," nilisema. "Nitaje kasoro."

Nikazitaja jinsi baba alivyozitaja. Kitufe kinachochelewa. Pembe. Mbuzi wawili, ingawa fundi wa Omugo, mume wa yule muuzaji, amebadilisha mkunjo mmoja. Hewa ya pembeni. Candia alikuwa anatabasamu, akingoja kicheko. Nikasema ya tano. Nilisema damu haikuwepo. Nilisema muhogo, ukuta, hatua ishirini, magoti ya baba kwenye maganda. Nilisema vilikuwa saba vimepangwa juu ya kitambaa, na kwamba niliviona vikirudi ndani ya bati nikafurahi.

Nilisikia wifi akichuma mboga bustanini.

"Tatu?" Candia aliuliza.

"Tatu."

Alikuwa anauangalia mkono wake juu ya mivukuto. Aliivuta kidogo, ikavuta hewa, akaisukuma, ikatoa. Mluzi wake na mluzi wa ile hewa ya pembeni ilipishana.

"Zile nne zimenifikisha hapa," alisema hatimaye. Akapumzika. Kona ya mdomo wake ikapanda. "Dada... wewe iko nauza... ama iko nahubiri?"

Alinisukumia konsatina.

"Siku ile hukuimba," alisema. "Sasa imba."

Sina vidole vya baba, lakini wimbo wa jioni una noti chache. Niliimba. Kitufe cha tatu kilichelewa kila ubeti, nami nikajifunza kukingoja. Kabla sijamaliza, Candia alikuwa amelala, kifua kikipanda na kushuka bila mkoromo, na niliendelea kupiga muda mrefu baada ya maneno kwisha, kwa sababu nilikuwa na miaka minane na niliogopa kuacha.

Tulimzika wiki tatu baadaye, huko Ajia, kwa shukrani na kwa machozi. Kwaya ya kanisa letu la Mvara iliiona konsatina mazishini, na sasa wanataka kuinunua. Bei watakayotoa itatosha mabati na zaidi. Nimewaambia waje Ijumaa alasiri, baada ya ushirika, watu wote wakiwepo. Nimewaambia pia waje mapema na wakae vizuri, kwa sababu ina kasoro tano, na ya tano itachukua muda.